Mizani ya Wimbo wa Hisani

Neno "mizani" lina maana mbili kwetu sisi tunaoishi Kibaigwa na kutunga mashairi. Mshairi husema mizani akikusudia hesabu ya silabi katika mshororo. Zikipungua au zikizidi, shairi hulegea, na msikilizaji mwenye sikio zuri huligundua kosa kabla hajaambiwa. Mkulima na mchuuzi husema mizani wakikusudia chombo kinachopima gunia la mahindi katika soko letu la nafaka, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Hapa huteremshwa mahindi ya Kongwa, ya Kiteto na ya sehemu nyingine za uwanda wa kati, kisha hupakiwa kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Hapa pia kila mtoto hujua maana ya lumbesa: gunia lililojazwa kupita kiasi hata likaota kichwa, na kile kichwa mnunuzi hakilipii. Sheria imeweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia, na Serikali imeikemea lumbesa mara nyingi, kwa kuwa kinachoonekana kuwa ziada ndogo ni jasho la mkulima lililochukuliwa bure.

Tumeanza na mizani kwa sababu makala haya yanahusu aina ya sanaa ambayo watu wengi huona haya kuipima. Nayo ni santuri ya hisani, yaani mkusanyo wa nyimbo za wasanii mbalimbali uliotolewa kwa ajili ya kuwasaidia wenye shida. Tunalitumia neno santuri hata kama siku hizi nyimbo husafiri bila sahani yoyote. Mtu akileta sadaka, ni nani atakayethubutu kumwuliza uzito wake? Matokeo yake ni kwamba nyimbo za hisani husifiwa kwa nia yake, na mhakiki huweka kalamu chini. Sisi tunadhani hivyo sivyo. Sanaa ya hisani ni sanaa, nayo yapasa kupimwa. Twapendekeza mizani miwili: kwanza, ni kinywa cha nani kinachosema katika wimbo huo, na pili, maneno hayo yamefika katika sikio la nani. Tutaipima kwa mizani hiyo santuri moja iliyotungwa katika nchi yetu wenyewe, kisiwani Ukerewe, ikatolewa mwaka 2017.

Asili ya santuri za hisani

Kabla ya kufika Ukerewe, yafaa tutazame njia iliyokwisha kupitwa. Mwezi Agosti 1971, mjini New York, George Harrison wa Uingereza na Ravi Shankar wa India walifanya onyesho kubwa kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh, na onyesho hilo likatolewa katika santuri. Mwaka 1984, Ethiopia ilipokuwa katika njaa kali, Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wanamuziki wa Uingereza na Ireland wakarekodi wimbo mmoja mjini London. Miezi michache baadaye, usiku wa tarehe 28 Januari 1985, wanamuziki wa Marekani nao walikutana kurekodi wimbo uliotungwa na Michael Jackson na Lionel Richie, na wimbo huo ukafuatwa na santuri nzima ya mkusanyo. Fedha zilizopatikana huko Marekani zilizidi dola milioni 60. Hatuna haki ya kuzidharau. Aliyekula uji ulionunuliwa kwa fedha hizo alishiba kweli.

Lakini katika habari za usiku ule wa Januari limo jambo moja linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Stevie Wonder alipendekeza kwamba maneno ya Kiswahili yatiwe katika wimbo. Ukazuka mjadala, na Geldof, aliyekuwa ametoka Ethiopia karibuni, akawakumbusha kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Pendekezo likaachwa. Kwa jiografia, jibu lile lilikuwa sahihi. Hata hivyo, baada ya kukubaliana kwamba Kiswahili si lugha ya wenye njaa, wimbo haukupewa Kiamhari wala Kitigrinya badala yake. Ulibaki kuwa wimbo wa walioshiba wakiwahimiza walioshiba wenzao. Mwenye njaa alikuwa mada ya wimbo. Hakuwa mtunzi wake, wala mwimbaji wake, wala msikilizaji wake.

Sisi wa uwanda wa kati tunalisema hili kwa sababu njaa tunaijua kwa majina. Wagogo huipa kila njaa kubwa jina lake, na iliyo mbaya kuliko zote katika kumbukumbu za wazee ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nayo ikakataa. Kuipa njaa jina ni kazi ya sanaa. Ni kusema: tuliona, tulihesabu, tunakumbuka ni nani aliyetwaa nafaka. Wimbo unaosema tu kwamba watu fulani wa mbali wana njaa, bila kinywa cha watu hao, hulipoteza jambo hilo la pili, yaani chanzo.

Waafrika wenyewe walijaribu njia nyingine mwaka huohuo wa 1985. Manu Dibango wa Kameruni aliwaita pamoja wanamuziki wa Afrika waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa na kwingineko, miongoni mwao Mory Kanté wa Guinea, Salif Keita wa Mali, Youssou N'Dour wa Senegal na Ray Lema wa Kongo, wakatoa wimbo kwa ajili ya Ethiopia katika lugha kadhaa za Afrika. Hapo kinywa kilisogea karibu zaidi, kwani ndugu aliimba kwa ajili ya ndugu. Lakini bado mwenye shida mwenyewe alikuwa kimya.

Santuri ya Ukerewe

Sasa tufike nyumbani. Ukerewe ni kisiwa kikubwa katika Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza, nacho kina historia ndefu ya watu wenye ualbino. Shirika la hisani la Standing Voice, lililoanzishwa na Mwingereza Harry Freeland baada ya filamu yake ya mwaka 2012 kuhusu maisha ya watu hao nchini Tanzania, lilikuwa likifanya kazi kisiwani humo. Kwa njia ya shirika hilo, mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, ambaye kabla ya hapo alikuwa amerekodi nyimbo za wafungwa wa gereza la Zomba nchini Malawi, alikaa na kundi la watu wenye ualbino wakatunga nyimbo zao. Hawakuwa na bendi, wala kampuni, wala jina katika muziki. Wengi wao hawakuwa wametunga wimbo maishani. Santuri iliyotoka humo iliitwa "White African Power", maana yake nguvu ya Mwafrika mweupe, na waimbaji wakatambulishwa kwa jina la Tanzania Albinism Collective.

Ili msomaji kijana aelewe uzito wa jambo hili, lazima akumbushwe hali ilivyokuwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino, wakiwamo watoto wadogo, waliuawa au kukatwa viungo kwa sababu ya imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge, na mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Bar'wani, naye mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu ualbino, nayo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Lakini sheria na maadhimisho havikulifuta neno moja la mitaani. Mtu mwenye ualbino apitapo, wako waliokuwa wakimwita "dili". Hilo ni neno la sokoni. Ni neno la mtu aliyeona biashara yenye faida. Sisi tulio Kibaigwa, ambako kutwa husikia bei ya gunia ikitajwa, tunajua vizuri sauti ya mtu anayetazama kitu na kukipigia hesabu. Kumwita binadamu "dili" ni kumpandisha juu ya mizani. Kwa hiyo wimbo wa mtu aliyeitwa hivyo si burudani ya kupitisha jioni. Ni mtu aliyewekwa juu ya mizani anayeshuka na kuuliza ni nani aliyempa mwenzake ruhusa ya kumpima.

Maudhui

Tukitazama majina ya nyimbo za santuri hii, twaona jambo hilo waziwazi. Upo wimbo wenye jina lenye maana ya "Mimi ni binadamu". Upo mwingine wenye maana ya "Walinisengenya nilipozaliwa". Upo unaodai kwamba Tanzania ni nchi yetu pia. Hakuna hata kimoja kati ya vichwa hivi kinachoomba fedha. Na hii ndiyo tofauti ya kwanza kati ya santuri hii na zile za miaka ya 1984 na 1985. Zile zilimwambia msikilizaji: toa. Hii yamwambia: tambua.

Wimbo wa masengenyo ya siku ya kuzaliwa unastahili kufikiriwa na kila mwalimu. Katika jamii zetu nyingi, kuzaliwa kwa mtoto huandamana na nyimbo; wanawake hupiga vigelegele, na jina hutolewa kwa furaha. Mtunzi huyu anatuambia kwamba alipokelewa kwa minong'ono. Hana haja ya kueleza kwa hotuba ndefu maana ya ubaguzi, kwani ametuonyesha nyumba moja, siku moja, na sauti iliyokosekana. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba ushairi mzuri husema mengi kwa machache. Huu ni mfano hai, tena wa mtu asiyejua kwamba anafuata kanuni yoyote.

Na ule wimbo wa kudai nchi una mizizi mirefu kuliko unavyodhaniwa. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu. Kizazi chetu kiliikariri ahadi hiyo shuleni, tukiwa tumesimama mistari chini ya jua. Haikupata kutupitia akilini kumwuliza mwenzetu mwenye ualbino aliyesimama mstarini pamoja nasi, macho yameumia kwa mwanga na ngozi imebabuka, kama naye amehesabiwa katika ahadi ile. Twakiri kosa hilo bila kificho. Hapa uwandani, ambako kivuli ni kichache na jua ni kali karibu mwaka mzima, kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyotengenezwa Moshi, si urembo. Kwa mtu mwenye ualbino, hivyo ndivyo vinavyomkinga na saratani ya ngozi. Udugu usiojua haja ya kofia ni udugu wa mdomoni.

Fani

Kwa upande wa fani, msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi au taarabu atashangaa. Nyimbo nyingi ni fupi sana. Ala ni chache. Sauti nyingine ni za chini, kama za mtu anayejaribu kusema ndani ya chumba chenye watu wasiotaka kumsikia. Hakuna vina vinavyofuatana kwa nidhamu, wala mizani iliyo sawa. Je, huo ni upungufu?

Sisi tuliolelewa katika shule ya utenzi na shairi la mizani kumi na sita tulitaka kusema ndiyo. Tulipofikiri zaidi, tulibadili rai. Umbo la sanaa halitenganishwi na hali ya msanii. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kuimba mbele ya watu kwa miaka thelathini hawezi kutoa sauti ya mwimbaji wa kwaya siku ya kwanza. Lau mtayarishaji angaliwaongezea magitaa na vinanda ili kuujaza ukimya ule, angaliharibu ushahidi wenyewe. Katika lugha ya soko letu, hiyo ingekuwa lumbesa: kichwa kilichoongezwa ili gunia lionekane kubwa. Gunia hili limeachwa na ujazo wake halisi.

Jambo la pili la fani ni lugha. Humo hawakuimba kwa Kiswahili tu, bali pia kwa lugha za kwao, Kikerewe na Kijita. Wako watakaouliza kama jambo hilo linaafikiana na msimamo wetu wa kuikuza lugha ya Taifa. Sisi hatuoni mgongano. Yale masengenyo ya siku ya kuzaliwa hayakusemwa kwa lugha ya mkutano wa hadhara. Yalisemwa kwa lugha ya jikoni. Ni haki yajibiwe kwa lugha ileile. Kiswahili hakijengwi kwa kuzinyamazisha lugha nyingine. Hujengwa kwa kupokea hazina zake, kama kilivyofanya daima.

Kasoro

Kwa mizani ya kwanza, basi, yaani mizani ya kinywa, santuri ya Ukerewe imetimia. Tuipime sasa kwa mizani ya pili, ya sikio. Hapo ndipo tunapoona kasoro, na yafaa tuzitaje kwa uwazi.

Santuri ilitolewa na kampuni ya Marekani. Jina lake ni la Kiingereza, na majina ya nyimbo yalichapishwa kwa Kiingereza. Waimbaji walikwenda Uingereza mwaka 2017 wakaimba katika tamasha la WOMAD, na magazeti ya huko yakawaandika kwa heshima. Tunawapongeza. Lakini aliyemsengenya mtoto siku ya kuzaliwa kwake hayuko Uingereza. Aliyetamka neno "dili" hayuko Marekani. Wote wako hapa: Ukerewe, Shinyanga, Dodoma, na bila shaka Kibaigwa. Magari ya mizigo yanayosimama sokoni kwetu hupiga muziki mchana kutwa na usiku kucha. Tumesikia humo nyimbo za Kongo, za injili, na za vijana wa kizazi kipya. Nyimbo za Ukerewe hatujapata kuzisikia hata siku moja. Barua imeandikwa kwa jirani, ikatiwa posta kwenda ng'ambo.

Tulinganishe na safari ya marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma. Zawose alitoka Ugogo na zeze na ilimba yake, akaitwa Dar es Salaam katika sanaa za Taifa, akafanya kazi Bagamoyo katika Chuo cha Sanaa, na baadaye dunia ikamjua. Santuri yake "Chibite" ilitolewa nchini Uingereza mwaka 1996, miaka saba kabla ya kifo chake. Yeye alianza kusikiwa nyumbani, kisha akaenda mbali. Nyimbo za Ukerewe zilikwenda mbali kabla ya kusikiwa nyumbani. Lawama ya jambo hili haimwangukii mgeni peke yake. Mgeni alikuja na kinasa sauti. Sisi wenyewe, wenye redio, shule, vyuo na kumbi za utamaduni, tulikuwa wapi?

Kasoro ya pili ni ya jina la kundi. Jina la pamoja lina uzuri wake, kwa kuwa linaonyesha umoja. Lakini msanii mmojammoja hufichika ndani yake. Katika ushairi wetu wa kale, mtunzi alitaja jina lake katika beti za mwisho ili haki yake isipotee. Watu ambao kwa miaka mingi waliitwa kwa jina la hali yao ya ngozi, wakinyimwa majina waliyopewa na wazazi, wana haja kuliko watu wengine wote kuitwa mmojammoja. Msikilizaji wa mbali hukumbuka "kundi la watu wenye ualbino kutoka Tanzania". Hamkumbuki mama fulani aliyetunga wimbo fulani. Jina la mtunzi likisahauliwa namna hiyo, nalo huwa lumbesa: kitu chake kilichokwenda bila kulipiwa, ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Wajibu wa shule

Mhakiki asiishie kutaja kasoro tu. Yampasa pia kusema nini kifanyike. Kwa kuwa makala haya yataingia mikononi mwa walimu na wanafunzi, twatoa rai tatu.

Kwanza, mwalimu wa fasihi simulizi asizichukue nyimbo za namna hii kuwa habari za ustawi wa jamii tu. Azichambue darasani kama anavyozichambua tenzi: nani anasema, anamwambia nani, kwa umbo gani, na kwa nini umbo hilo. Mwanafunzi aulizwe tofauti ya wimbo unaosema "mhurumie" na wimbo unaosema "nitambue". Akiijua tofauti hiyo, amejifunza jambo ambalo hata watunzi wakubwa wa ng'ambo hawakulitambua.

Pili, shule zenye vikundi vya ngoma na kwaya ziwape wanafunzi wenye ualbino nafasi ya kutunga na kuongoza, si ya kuonewa huruma. Huku kwetu wanawake wa Kigogo hupiga ngoma ya muheme mbele ya hadhara, na mpigaji hutazamwa kwa mkono wake, namna unavyoijua ngoma. Mwanafunzi naye atazamwe vivyo hivyo. Na mazoezi yafanyike kivulini.

Tatu, shule ikitaka kukusanya nyimbo za wasanii wa mahali pake kwa ajili ya kusaidia jambo jema, liwe darasa, kisima au matibabu ya mwenzao, ifanye hivyo kwa mizani iliyo wazi. Jina la kila mtunzi liandikwe. Lugha yake iheshimiwe. Fedha zilizopatikana zitangazwe mbele ya watu, kama uzito wa gunia unavyopaswa kusomwa mkulima akiwa amesimama palepale. Na santuri isikiwe kwanza na majirani, kabla ya kupelekwa mbali.

Kwa jumla, santuri ya Ukerewe ni kazi inayostahili heshima, na twaihesabu kuwa mali ya utamaduni wa Taifa hili, hata kama ilichapishwa ng'ambo. Imetufundisha kwamba mwenye shida anaweza kuwa mtunzi wa wimbo wa hisani, bila kusubiri kuimbiwa. Kazi iliyobaki ni yetu sisi wenye masikio. Watunzi wale walifungua vinywa vyao baada ya miaka mingi ya kunyamazishwa. Ikiwa mtoto mwenye ualbino atapita kesho katika soko la Kibaigwa, kati ya magunia na mizani, na mtu mmoja tu akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, wimbo ule utakuwa umefika.